Karatasi Kwanza, Mzee

Shikanga alikuwa ameshachagua kosa la siku hiyo kabla hata ya kunywa chai. Mara iliyopita alikuwa ameacha kibano cha chuma katika njia ya mashine, biti, ile ncha yake ya kuchongea, ikakigonga na kukatika, na kabla ya hapo alikuwa amechonga jina zima likiwa limegeuka, la kusomwa kwenye kioo. Leo angeteremsha biti kwa kukadiria kwa macho, bila karatasi. Hilo ni kosa ambalo mwanawe Cleophas hakuwahi kulivumilia.

Asije mtu akadhani mzee huyu alikuwa fundi wa kubahatisha. Vitanda na kabati zake zimejaa Khayega nzima, na mimbara ya kanisa lao aliiunganisha bila msumari hata mmoja, jambo ambalo mchungaji hulikumbusha kila sadaka inapopungua. Alikosea kwa kusudi, mbele ya simu inayorekodi, kisha akaacha video ipelekwe mtandaoni ulimwengu umcheke. Na ulimwengu haukumwonea haya.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuwekwa mezani. Unachora jina au ua kwenye kompyuta, na biti inashuka yenyewe na kuchonga ubao vilevile ulivyochora. Watu waliiita CNC kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa ubavuni, na ukimuuliza Shikanga herufi hizo zina maana gani, atakuambia ukamuulize aliyeziandika. Cleophas aliinunua baada ya kuchonga kwa patasi vibao vya majina ya miti kwa ajili ya waongoza wageni wa msitu wa Isecheno, kazi iliyomtoa malengelenge akaapa hatairudia maishani. Akaiweka katika simba yake, nyumba ndogo ya mabati aliyojijengea uani kwa baba yake, kama kijana wa huko anavyotakiwa.

Wazo la video lilikuwa lake. Alitaka mafundi wasio na mwalimu wajifunze bure, naye akamsimamisha baba yake mbele ya simu awe mwanafunzi. Siku zile makosa ya Shikanga yalikuwa ya kweli. Alikuwa akinyoosha mkono kuteremsha biti, na sauti ya Cleophas inasikika kutoka nyuma ya simu: "Polepole, Mzee. Karatasi kwanza." Maana unatandika kipande cha karatasi juu ya ubao, unateremsha biti taratibu huku ukiivutavuta karatasi, na pale inapokataa kuvutika ndipo unapojua biti imefika juu ya ubao. Hapo ndipo unapoiambia mashine kwamba sufuri ni hapa. Ukikadiria kwa macho, unaharibu ubao. Watu walipenda ubishi wa wawili hao, kuanzia Butere mpaka Arusha, na wengine waliandika kwamba wao hata si mafundi, wanakuja kucheka tu.

Kisha Cleophas akaenda Nairobi kununua mota ya akiba, na hakurudi. Simu yake ilizimwa siku hiyo hiyo na haikuwaka tena. Walimtafuta hospitalini, wakamtafuta kwenye vituo vya polisi, wakamtafuta na kule kwingine ambako Milcah, mama yake, hakubali mtu akutaje mbele yake. Hakuwa amegombana na mtu wala hakuwa na ugonjwa. Duka la mota lilisema hakufika. Miaka miwili ikapita na hakuna aliyewaletea hata kiatu.

Basi Shikanga, aliyewahi kusikia wazee wakiita watoto waliopotea kwa ngoma na kwa redio, akaamua kumwita wake kwa makosa. Hesabu zake zilikuwa hivi. Cleophas hakuweza kuona kosa likipita. Akiwa bado wa kaptura alisimama kanisani kumwambia mhubiri kwamba amekosea nambari ya mstari, na akachapwa, na Jumapili iliyofuata akasimama tena. Mtu wa aina hiyo, popote alipo, hata kama amefungiwa, hata kama anaona aibu ya kurudi, hata kama akili zimemruka, akishika simu ya mtu na kumwona baba yake akiteremsha biti bila karatasi, vidole vitamwasha. Ataandika. Na akiandika, wamempata.

"Leo tunachonga kibao cha hoteli," Shikanga aliiambia simu asubuhi hiyo. Binti yake Muhonja ndiye aliyeishika. Alifundishwa na kaka yake kurekodi, kukatakata video na kuipakia, na sasa kazi yote hiyo ilikuwa yake. "Kinaandikwa Obusuma na Ingokho, yaani ugali na kuku. Ubao wetu ni wa saipresi, umekauka vizuri. Sasa nateremsha biti."

Alivua kofia, akaitundika kwenye mota ya mashine, akainama mpaka pua ikakaribia ubao. Shikanga havui kofia mbele ya watu. Kichwa chake kimebaki kitupu katikati, na hiyo ni siri anayodhani ni yake peke yake.

"Baba," Muhonja alinong'ona. "Karatasi."

"Wewe rekodi."

Biti ikashuka kwa makadirio ya jicho. Hapo hapo mlango ukafunguliwa akaingia Sellah, jirani, mwenye hoteli na mwenye kibao.

"Hodi humu. Hiyo kitu yangu imefika wapi? Watu wanapitanga hapo kwangu wakidhani ni kwa fundi wa baiskeli."

Shikanga alirudisha kofia kichwani haraka. Sellah akasimulia habari za ng'ombe ndume wawili waliotarajiwa kupigana Jumamosi, za mwenye ndume mmoja aliyekataa kulipa supu, na za supu yenyewe, na alipomaliza Shikanga akaiwasha mashine. Herufi zikazama. Zilizama mpaka zikatokea upande wa pili, na neno Ingokho likawa matundu matupu.

Sellah alikitazama kibao kikiinuliwa. "Sasa wateja watamchungulia kuku kupitia kwa jina lake?"

"Nitakutengenezea kingine," Shikanga alisema. Na alikitengeneza, mchana huo huo, simu ikiwa imezimwa, kikatoka safi.

Jioni, video ikiwa imeshapakiwa, alikuja Shivachi, mdogo wake Shikanga, akakaa bila kuvua koti. Aliyetumwa na ukoo havui koti.

"Mzee, tumekaa tukaongea," alisema. "Kijana amekaa nje sana. Hana mahali. Tumzike."

Kwao, aliyepotea na mwili usipatikane huzikiwa mgomba. Shina la mgomba linakatwa kimo cha mtu, linavikwa shuka, linalazwa katika jeneza na kuliliwa usiku na mchana, kisha linazikwa na juu yake unasimamishwa msalaba wenye jina. Baada ya hapo jina linapumzika, na walio hai wanapumzika pia. Mchungaji alishasema ataomba lakini mgomba hataugusa, na ukoo ukasema hakuna aliyemwomba auguse.

"Mtazika ndizi," Shikanga alisema. "Halafu mimi nibaki nikisubiri nani?"

Alitarajia mkewe amuunge mkono. Milcah alikuwa akichambua mboga na hakuinua kichwa.

"Baba Cleo, mimi nimechoka," alisema. "Wenzangu waliofiwa wako na kaburi. Wanaenda, wanang'oa nyasi, wanalia, wanarudi kupika. Mimi nalilianga wapi? Juu ya mashine?"

Shikanga aliomba apewe mpaka Desemba, watu wa ukoo watakaporudi nyumbani kwa sikukuu. Kama kufikia hapo hakuna neno, yeye mwenyewe atachonga msalaba. Shivachi alisema ni sawa, ila kwa jinsi anavyomjua kaka yake, Desemba ikifika atauliza Desemba gani. Muhonja alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, na alisikia yote.

Kesho yake Shikanga aliketi kwenye benchi la kazi kusoma maoni, kama kawaida yake. Aliyasoma yote, na matusi aliyasoma mara mbili, asije akampita mtu aliyejificha ndani yake. Mmoja aliandika mzee huyu apumzishwe. Mwingine aliuliza kama hakuna sheria inayozuia mbao kuteswa. Chini ya hao palikuwa na mtu asiye na picha, aliyejiita Mpenda Mbao.

"Polepole, Mzee. Karatasi kwanza. Macho hayapimi, hata ukivua kofia."

Shikanga alisoma tena, akainuka na simu mkononi. Alimkuta Milcah kwenye shamba la maharagwe akamsomea. Milcah aliichukua simu, akaketi chini kwenye udongo na gauni lake zuri, akaisoma mwenyewe polepole, na midomo yake ikitembea.

"Mbona hanitaji?" aliuliza.

"Anaogopa. Ataandika tena."

Shikanga alijibu pale pale chini ya maneno yale: Cleo, ni wewe? Mama yako yuko hapa. Hakuna aliyemjibu. Alisubiri, na kusubiri kwake wiki zile hakukuwa kama kule kwa zamani. Alikula akamaliza sahani. Alimtania Sellah. Alirekodi video juu ya video na kumwaga makosa ndani yake kwa furaha: aliweka biti butu, alichanganya inchi na milimita, alichonga ubao wenye msumari na cheche zikaruka. Wafuasi walikimbia, na waliobaki walikaa kwa kumwonea huruma. Yeye aliwaambia moyoni wavumilie kidogo, wenyewe watamwona kijana akirudi nyuma ya simu.

Muhonja ndiye aliyebadilika. Alirekodi bila kumtazama baba yake usoni, na siku moja, akisafisha vumbi la mbao kwenye kompyuta, akasema, "Baba, hayo maneno wengi wanayajua. Yako kwenye video za zamani zote. Mtu yeyote anaweza kuyaandika."

"Na kofia?"

Muhonja akaendelea kusafisha mahali palipokwisha kuwa safi.

"Alijuaje nimevua kofia?" Shikanga alisema. "Aliniona, mwanangu. Kaka yako aliniona."

Kwa kweli yeye mwenyewe hakuwa amejiona. Hakupenda kutazama video zake, sauti yake ilimkera, na kazi ya kupakia ilikuwa ya Muhonja. Lakini Novemba ilipokuwa ikiisha, mvua ya mchana ikigonga mabati ya simba na stima imepotea, alishikwa na hamu ya ajabu. Alitaka kuona kile Cleophas alichokiona. Alitaka kuketi palepale macho ya mwanawe yalipoketi. Akafungua ile video ya kibao cha hoteli.

Alijiona akisema leo tunachonga kibao. Alijiona akigonga ubao wa saipresi kwa kidole. Kisha ghafla mashine ikawa imeshaanza kuchonga, na Shikanga amesimama kando, kofia kichwani. Alirudisha nyuma. Akatazama mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akatazama tena. Hapakuwa na kushusha biti. Hapakuwa na Sellah wala ndume wala supu. Muhonja alikuwa amekata kipande kile chote kwa sababu ya kelele za Sellah. Tangu mwanzo wa video mpaka mwisho, kofia ilikuwa kichwani mwake, haikuvuliwa hata mara moja.

Aliyeiona ikivuliwa ni mtu aliyekuwa ndani ya chumba. Sellah aliikuta ikirudishwa, na habari za karatasi hakuzijua hata kidogo. Akabaki mmoja.

Shikanga aliweka simu juu ya meza ya mashine na kuketi. Alingoja hasira ije, haikuja. Alimwona tu mtoto aliyesimama mlangoni na sufuria siku ile Shivachi alipokuja, akisikia baba yake anaombaomba miezi, na kwa haraka ya huruma akasahihisha kosa aliloliona kwa macho yake, akasahau kwamba alishalikata. Yeye alitega watu kwa makosa, na binti yake akamtega kwa sahihisho. Aliona aibu kwamba msichana mdogo vile amelazimika kubeba mzigo ule peke yake tangu wakati huo. Halafu, aibu ilipotulia, likaja lile lililokuwa limesubiri nyuma yake, nalo lilikuwa zito kupita alivyowahi kudhani. Hakuna aliyemwona. Miaka yote ile ya mbao zilizoharibika, hakuna aliyekuwa akitazama. Alilia huku mvua ikinyesha, na mvua ilipokatika akafuta uso akaenda jikoni.

"Mwambie Shivachi aje," alimwambia Milcah.

Milcah alimtazama. "Na yule aliyeandika?"

"Hakuwa yeye."

Milcah alichukua leso akajifunga kiunoni, akatoka kwenda kwa shemeji yake.

Siku iliyofuata Shikanga alimwita Muhonja katika simba. Mezani palikuwa na mbao mbili za mvule alizozihifadhi kwa kitanda cha arusi ya Cleophas. Alikuwa ameshazipiga randa.

"Leta simu. Tunarekodi."

"Tunachonga nini?"

"Utaona."

Akaanza kufundisha. Alionyesha namna ya kutazama nyuzi za ubao na kuulaza kufuatana nazo. Alifunga vibano mbali na njia ya mashine, akaizungusha biti hewani kwanza kuhakikisha haitagonga kitu. Alieleza kwa nini mvule hutaka mwendo wa taratibu kuliko saipresi, na kwa nini ni lazima kufunika pua, maana vumbi lake huwasha. Alisema yote aliyowahi kuambiwa nyuma ya ile simu, kwa mpangilio, bila kusahau. Alipofungua kompyuta na jina likatokea, Muhonja aliona kinachochongwa, na simu ikayumba.

"Ishike vizuri," Shikanga alisema. "Na safari hii usikate kitu."

Muhonja aliganda. Wakatazamana juu ya simu. Machozi yalimtoka msichana lakini hakuishusha simu.

"Nilitaka upate usingizi tu," alisema.

"Nilipata. Wiki hizo nililala vizuri sana."

Akachukua kipande cha karatasi, akakitandika juu ya mvule. Muhonja aliutazama mkono ule akiomba ukosee, na baba yake aliona kwamba anaomba. Biti ilishuka taratibu. Shikanga akavuta karatasi, ikaja. Akashusha kidogo, akavuta, ikaja. Akashusha tena, akavuta, ikakataa.

"Sufuri ni hapa," alisema.

Mashine ikachonga CLEOPHAS SHIKANGA, na chini yake mwaka aliozaliwa, na mwaka alioondoka kwenda Nairobi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuandika. Herufi zilitoka zimesimama, kina kimoja, kingo kali. Akazipiga msasa, akaunganisha mbao mbili bila msumari, akapaka mafuta. Muhonja alipitisha kidole kwenye kila herufi akitafuta palipokwaruzika, na hakupapata.

"Hukukosea mahali," alisema.

"Nimekosea, kama yu hai." Shikanga aliuinua msalaba ukatazama simu. "Nimechonga jina la mtu aliye hai kwenye msalaba. Kosa kubwa kuliko hilo sina, mwanangu. Haya mengine yote anaweza kuyavumilia. Hili akiliona akanyamaza, basi hayupo. Pakia."

Mgomba ulizikwa kabla ya Krismasi, nyuma ya simba, Shivachi akisimamia na mchungaji amesimama mbali na shimo. Milcah alilia mpaka wanawake wakamshika, na kesho yake asubuhi akaonekana pale peke yake, aking'oa nyasi ambazo zilikuwa bado hazijaota. Shikanga aliketi kwenye benchi la kazi akasoma maoni. Yalikuwa mengi kuliko ya video yoyote tangu Cleophas alipoondoka. Watu waliandika pole, kuanzia Butere mpaka Arusha. Mafundi waliandika kwamba hawajawahi kuona somo lililokamilika namna ile, na mmoja aliyewahi kumtukana aliomba radhi. Aliyasoma yote mpaka chini, kisha akarudi juu akaanza upya, polepole, neno kwa neno. Hakuna aliyemsahihisha.